Neno Nililomtafsiria Vibaya Seneta Asiye na Chama

Vijana wangu, nyinyi mnaoanza kazi ya ukalimani siku hizi mna simu inayotafsiri, nami siichukii simu hiyo. Shida yake ni moja tu: haioni aibu. Mimi niliona aibu, na baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kutafsiri Guangzhou naweza kuwaambia kwamba makosa yangu makubwa hayakutokana na kutojua Kichina. Yalitokana na kuona haya kuuliza mara ya pili.

Nianze na kosa dogo, mpate kunizoea. Mimi ni mtu wa Kigoma. Kifaransa nilikiokota kwa majirani Wakongo, na Kichina nilikisomea chuoni Guangzhou, nilikopelekwa kwa ufadhili nisomee ufundi wa nguo. Nilipomaliza sikurudi nyumbani. Wafanyabiashara walikuwa wameanza kumiminika, na mtu aliyejua Kiswahili, Kifaransa na Kichina hakukosa kazi hata siku moja. Mteja wangu wa kwanza wa maana alikuwa Mama Zawadi wa Bukavu, mwanamke mnene, mpole, asiyesahau kitu. Nilimpeleka Xintang kuagiza jinzi. Laoban, yaani bosi wa karakana, aliuliza kila suruali iwe na mifuko mingapi. Nikajibu minne. Kwa Kichina nne na kumi hutofautiana kidogo sana, na watu wa kusini huzitamka karibu sawa. Yule bwana alirudia jambo fulani, nami nikaitikia kwa kichwa ili nisionekane mgeni.

Mzigo ulipokuwa tayari, Mama Zawadi alitandaza suruali moja mezani, akahesabu mifuko kwa kidole hadi magotini. Ilikuwa kumi. Hakunigombeza. Alikunja ile suruali akasema twende tukale. Suruali zile zilikwisha Bukavu ndani ya majuma mawili, vijana wakazigombania, na aliporudi aliniagiza nyingine zilezile, kosa na yote. Tangu siku hiyo nikawa naandika namba kwenye karatasi na kumwonyesha laoban. Kuhusu namba nilijifunza. Kuhusu maneno bado.

Mama Zawadi huyohuyo ndiye aliyeniletea seneta.

Ilikuwa ile miaka Guangzhou ilipokuwa inachemka. Kila ndege iliyotua Baiyun ilishusha watu wenye mabegi matupu, na jengo la Tianxiu kule Xiaobei lilikuwa kama mji wa Kiafrika uliosimamishwa wima: maduka chini, ofisi za kusafirisha mizigo juu, na kwenye lifti Kifaransa, Kiswahili, Kilingala na Kiarabu kwa pamoja. Kila mtu mle alikuwa mtu wa mtu fulani. Huyu ananunulia jenerali, yule ananunulia mke wa waziri. Kwa hiyo Mama Zawadi aliponiambia kwamba mgeni wake ni seneta asiye na chama chochote, nilicheka. Nikamuuliza nani aliyemlipia tiketi. Akasema kajilipia mwenyewe. Nikajua hapo kuna jambo.

Seneta aliitwa Nabintu. Watu walimwita Mama Seneta. Kabla ya siasa alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, na ualimu ulikuwa haujamtoka. Alivaa kitenge cha kawaida, akabeba daftari la shule lenye mistari ya miraba, na swali moja alikuuliza mara mbili kwa maneno tofauti, kisha akalinganisha majibu yako. Siku ya kwanza alinipa karatasi ndogo ya Kichina niitafsiri. Nikaitafsiri vizuri. Kesho yake nikagundua kwamba karatasi ileile alikuwa ameshampa mwanafunzi mmoja wa Kikenya, ili aone kama tafsiri zetu zinafanana.

Jambo lile liliniuma. Nikaanza kumwangalia kama alivyoniangalia. Alipopokea simu nilitega sikio. Alipoandika nilijaribu kusoma kinyumenyume.

Alichokuja kutafuta ni mizani. Kwao mashariki wachimbaji wadogo huuza vumbi la dhahabu kwa wanunuzi wa mjini. Zamani lilipimwa kwa sarafu kuukuu na vijiti vya kiberiti, na kila mtu aliweza kuona kwa macho. Sasa wanunuzi walikuwa wameleta mizani ndogo za betri, zinazoonyesha namba, na wachimbaji walianza kulalamika kwamba dhahabu yao inapungua njiani. Seneti ilikuwa karibu kujadili muswada wa vipimo na mizani. Mama Seneta alitaka kuchangia mjadala huo, lakini alisema hawezi kusimama mbele ya wenzake na malalamiko matupu. Alitaka kujua mizani zinatoka wapi na zimetengenezwaje.

Tukajifanya wanunuzi. Karakana yenyewe ilikuwa upande wa kaskazini, ng'ambo ya uwanja wa ndege, nyumba ndefu ya bati yenye meza za wanawake wanaounganisha vipande. Laoban alitupa chai. Mama Seneta akauliza, kupitia kwangu, kama mizani zinazokwenda Kongo ni sahihi. Laoban akajibu kwa maneno mengi na ya haraka, na katikati yake akasema neno tiao.

Sikilizeni hapa. Tiao ni kurekebisha. Unaweza kurekebisha kitu kikae sawa, na unaweza kukirekebisha kikae unavyotaka wewe. Hata neno la Kiswahili lina pande hizohizo mbili. Nilisikia "zote" na nikasikia "tiao", na maneno mengine yakanipita kwa sababu ya lafudhi yake. Ilinipasa kumwomba arudie. Lakini Mama Seneta alikuwa ameniinamia na kalamu mkononi, na macho yake yalikuwa macho ya mwalimu anayemngojea mwanafunzi ashindwe. Sikutaka anione nikibabaika.

Nikasema, "Anasema zote zimechezewa."

Akauliza, "Zote? Amesema hivyo kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake, Mama."

Akaandika, akapiga mstari chini ya neno zote. Nikanywa chai.

Baada ya majuma kama matatu, asubuhi moja, Mama Zawadi alinifuata dukani nilikokuwa nakunywa uji. Mume wake alikuwa amempigia kutoka Bukavu. Kikao cha Seneti kilirushwa redioni, na Mama Seneta alikuwa amesimama akasema kwamba mtengenezaji mwenyewe, mbele yake, alikiri kuwa mizani zote zinazouzwa Kongo zimechezewa. Ukumbi ulichafuka. Kisha seneta mmoja wa chama kikubwa akatoa barua ya mtengenezaji yuleyule, yenye muhuri, inayosema kwamba kila mizani husawazishwa kwa jiwe la kipimo kabla ya kutoka. Akauliza kama Mama Seneta anajua Kichina. Watu wakacheka. Mwenye chama huwa na wenzake wa kupiga meza na kupayuka kwa niaba yake. Yeye hakuwa na mtu. Rais wa Seneti alimpa siku kumi alete ushahidi, la sivyo atahesabiwa kuwa amelidanganya baraza.

Sikumaliza uji. Mama Zawadi aliniuliza kwa upole kama laoban alisema kweli yale maneno. Nikasema ndiyo. Hilo lilikuwa kosa la tatu, nalo nililifanya nikijua.

Siku hiyohiyo mchana nikaitwa juu, kwenye ofisi ya wakala wa mizigo aliyeitwa Papa Gustave. Alikuwa mzee maridadi, mwenye suti ya rangi ya maziwa na sauti ya chini. Sikuwahi kufanya naye kazi. Alinikaribisha kiti, akaulizia wazazi wangu Kigoma, na akanitajia mtaa waliokuwa wakiishi, ambao mimi sikuwa nimemwambia. Kisha akasema amesikia kuna mwanamke ananitumia vibaya. Aliponisogezea karatasi, ilikuwa imeshachapwa, inangoja sahihi yangu tu. Ilisema kwamba laoban hakuzungumzia kabisa mizani za Kongo na kwamba seneta alijitungia yote. Nikitia sahihi, akaniahidi, wateja wake wote watapitia kwangu.

Nikaitia mfukoni, nikamwambia nitafikiri. Akasema kufikiri ni jambo zuri, lakini nisikawie.

Niliposhuka nilijiuliza mambo mawili. La kwanza, msafirishaji wa mizigo anahangaikia nini mizani? La pili lilinisumbua zaidi: kama karatasi ya Papa Gustave ni ya uongo, na jibu nililompa Mama Zawadi sina hakika nalo, basi ukweli ni upi? Katika watu wote waliohusika, ni mimi tu niliyeweza kwenda kuuliza.

Nikapanda basi nikarudi karakana peke yangu. Laoban hakuwepo. Nilimkuta mama mmoja wa makamo aliyekaa meza ya mwisho, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, kazi yake kupima kila mizani kabla haijafungwa kwenye boksi. Sitawatajia jina lake hata leo. Nilimwambia ukweli: mimi ni mkalimani, nimekosea neno, na mtu ataumia kwa sababu yangu. Nikamwomba anifafanulie kwa lugha ya mtoto.

Akachukua mizani moja, akaweka jiwe la gramu ishirini. Ikasoma ishirini. Akasema hizi zinasawazishwa, na akatumia neno jingine kabisa, lisilo na pande mbili. Halafu akainama chini ya meza akatoa mizani nyingine ya umbo lilelile. Akaiwasha, akaweka jiwe, ikasoma ishirini. Akaizima. Akabonyeza kitufe cha sifuri, akakishikilia huku anaiwasha tena. Akaweka jiwe lilelile. Ikasoma kumi na nane.

"Hizi ndizo zilizofanyiwa tiao," alisema. "Zote za mteja mmoja. Za wengine ni nzima."

Nikamuuliza kwa nini ananionyesha. Akajibu kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza. Wageni wote huuliza bosi. Akaniomba nisimtaje. Kisha akaniambia jina la mteja lililoandikwa kwenye maboksi, na lilikuwa jina la kampuni lililobandikwa mlangoni kwa Papa Gustave.

Kumbe laoban alikuwa ametueleza. Alitudhania sisi ni watu wa mteja yule, akatuambia zenu zote tumezirekebisha mlivyotaka. Maneno "zenu" na "mlivyotaka" ndiyo yaliyonipita.

Niliandika barua kwa Kifaransa, kurasa mbili. Nilieleza neno nililosikia, neno nililosema, na neno ambalo lingekuwa sahihi. Nilieleza kitufe cha kushikilia, ili mtu yeyote mwenye mizani ya aina ile ajaribu mwenyewe. Niliandika wazi kwamba Seneta alisema alichoambiwa na kwamba kosa ni langu, nikatia sahihi na jina langu kamili. Nikaituma kwa faksi kwenye namba aliyoniachia Mama Seneta. Papa Gustave sikumrudishia karatasi yake. Niliichana vipande nikavitupa.

Mnaweza kudhani hapo nilijisikia mwepesi. Sivyo. Nilikuwa na hofu, na nilimshuku kila mtu. Nilimshuku hata Mama Seneta. Nilijua sasa ana barua inayobeba kosa lote na jina la mwenye kosa. Mwanasiasa akipewa kitu kama hicho, nilijiambia, atakitumia kujiokoa.

Kikao cha pili redio haikukirusha. Tulichosikia ni vipande. Kwamba Mama Seneta amefungiwa kusema hadi mwisho wa msimu wa vikao. Kwamba kifungu alichokuwa akikidai, cha kila mnunuzi wa dhahabu kuweka jiwe la kipimo mezani na muuzaji kuwa na haki ya kuijaribu mizani kwanza, kimeletwa tena na seneta wa chama kingine kwa jina lake mwenyewe, neno kwa neno, kikapita. Papa Gustave nilikutana naye kwenye lifti. Alinisalimia vizuri, akasema kwa masikitiko, "Mama yako amekutaja mbele ya Seneti nzima. Amesema mkalimani wake ni mlevi."

Niliamini. Mbona nisiamini? Ndilo jambo nililokuwa nalingoja. Na wateja wakaanza kupungua. Waliokuwa wakinishika mkono Tianxiu sasa walinipungia kwa mbali. Nikahamia mtaa mwingine, nikawa natafsiri hospitalini na kwa wanafunzi, kazi ndogondogo. Mama Seneta aliniandikia mara mbili. Bahasha zote mbili sikuzifungua. Nilidhani ananiomba radhi, na sikutaka kumpa raha hiyo.

Nikiwa huko nilijifunza mengi ambayo nyinyi mnaweza kuyachukua bure. Usikae katikati ya wanaozungumza. Kaa pembeni ili watazamane wao. Usipokee zawadi kabla ya mazungumzo kwisha. Ukikutana na neno lenye pande mbili, waambie wote wawili kwamba lina pande mbili, hata kama watakuona mjinga. Daktari mmoja wa kule alinisifu kwa hilo. Alisema mimi ndiye mkalimani pekee anayemchosha, na kwamba wagonjwa wangu ndio wanaomeza dawa sawasawa.

Ilipita miaka mitatu. Siku moja Mama Zawadi, ambaye hakuwahi kuniacha, alikuja na begi lake akatoa kurasa zilizotolewa nakala, zilizopigwa muhuri. Zilikuwa kumbukumbu rasmi za kile kikao cha pili. Mpwa wake alikuwa amepata kazi ya ukarani Seneti, na Mama Zawadi akamwomba amtafutie. Akaniambia nisome mbele yake.

Nilisoma nikiwa nimesimama. Mama Seneta alianza kwa kusema kwamba alikosea, kwamba alisema "zote" ilhali si zote, na kwamba anaomba neno hilo lifutwe. Kisha karani aliandika: Seneta anaweka mizani juu ya meza. Kelele ukumbini. Aliomba mhudumu aweke jiwe, ikasoma ishirini. Akashika kitufe, akaiwasha upya, ikasoma kumi na nane. Hapo karani aliandika neno moja tu: kimya.

Rais wa Seneti akasema mizani ni jambo moja, na kulipotosha baraza mara ya kwanza ni jambo lingine. Akamtaka amtaje aliyemtafsiria, ili lawama ikae mahali pake. Akamwambia akimtaja, yeye mwenyewe hataadhibiwa.

Jibu lake nimelisoma mara nyingi mno, siwezi kulikosea. "Mheshimiwa Rais, aliyesema humu ndani ni mimi. Mkalimani hakuchaguliwa na mtu yeyote kuja kusema hapa. Yuko mbali, peke yake, kati ya watu ambao wangependa sana kusikia jina lake likitajwa katika ukumbi huu. Sitalitaja. Niadhibuni mimi."

Wakamwadhibu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa kura za kile kifungu, kilipoletwa na yule mwingine. Aliyefungiwa kusema hakuzuiwa kunyoosha mkono. Jina lake lilikuwa miongoni mwa waliokubali.

Mama Zawadi alikuwa akinitazama. Nikamwomba namba ya simu. Nilipompigia Mama Seneta, alinitambua kabla sijajitambulisha, akaniuliza habari za kazi na afya kama vile tuliachana jana. Nikamwambia nimesoma kurasa. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba amenificha, miaka yote hiyo nikimdhania mabaya.

"Nilikuandikia," alisema.

"Sikufungua, Mama. Lakini ungenipigia simu. Ungemtuma Mama Zawadi aniambie."

Akafikiri kidogo, kisha akauliza kwa sauti ileile ya mwalimu, bila hasira yoyote, "Ungeniamini?"

Mimi niliyelipwa miaka yote kwa kuwa na neno tayari, katika lugha tatu, nilibaki na simu sikioni nikitafuta la kusema. Yeye hakukata. Alingoja.

"Hapana, Mama," nikasema mwishowe.

"Haya," akasema. "Leo umetafsiri vizuri."